Nani Kakojoa Kwenye Kochi?

Mwezi uliopita niliwaahidi kwamba tutaongelea bajeti ya wawili, nani alipe umeme na nani alipe king'amuzi. Samahani sana, bajeti itasubiri. Mwezi huu nina kesi ya mkojo. Ndiyo, umesoma vizuri, mkojo. Kama unakula malizia kwanza, halafu urudi tukae kitako.

Ilikuwa Julai. Kama hujawahi kuamka saa kumi na moja alfajiri Sumbawanga mwezi wa Julai, usiniambie kitu kuhusu baridi. Mji huu uko juu kwenye uwanda wa Ufipa, takriban mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na upepo wake hauna adabu hata kidogo, unapenya mpaka kwenye tundu la ufunguo. Mimi nimekulia Tanga, ambako tukisema baridi tunamaanisha mvua imenyesha. Basi siku hiyo nimeshaoga kwa taabu, nimevaa sketi yangu ya kazini ya rangi ya maziwa, kikombe cha chai mkononi, nikajitupa kwenye kochi nivae viatu.

Majimaji. Tena ya baridi.

Kochi lenyewe, shoga, tumelichukua kwa mkopo na tulikuwa bado tunadaiwa miezi minne. Nikainuka, nikashika nyuma ya sketi, nikanusa mkono. Halafu nikapiga ukelele mmoja ambao nadhani ulifika mtaa wa pili:

"Waseme!"

Waseme ni mbwa. Jike, mweusi, mdomo umeshakuwa wa mvi, wakati huo alikuwa na miaka 13. Alikuwa wa marehemu baba mkwe, kijijini upande wa Matai. Mzee, Mungu amrehemu, alikuwa na tabia ya kuongea na majirani kupitia majina ya mbwa. Alipoamua kuuza ng'ombe ili asomeshe mabinti zake sekondari, watu wakasema sana, eti anamwagilia shamba la mwenzake. Mwaka huo alipata kitoto cha mbwa, akakiita Waseme. Kila jioni anasimama mlangoni anaita kwa sauti, "Waseme! Waseme!" Majirani ujumbe wakaupata.

Mzee alipofariki, baada ya arobaini tukamchukua Mama aje kukaa nasi hapa mjini, Kizwite. Alikubali kwa sharti moja tu, kwamba anakuja na mbwa. Mabasi yakagoma kumbeba, ikabidi aje juu ya Fuso la mahindi. Kijijini alizoea kulala jikoni, kando ya mafiga yenye majivu ya moto. Huku kwetu tukamwekea banda nje. Usiku wa kwanza alilia kama mtoto, wa pili hivyo hivyo, wa tatu Mama akasema kwa upole, "Wanangu, huyu ni mzee mwenzangu. Baridi hii itamuua." Mume wangu akamwingiza sebuleni. Mimi nilinuna, lakini utamwambia nini mama mkwe ambaye hata hajatoa tanga la mumewe moyoni?

Wiki ya tatu ndipo vikaanza. Gunia lake asubuhi limelowa. Kwenye korido kuna kidimbwi. Halafu kochi, mara ya kwanza, mara ya pili. Siku ile ya sketi ilikuwa mara ya tatu.

ULTIMATAMU

Jioni nikamsubiri mume wangu. Si mnajua zile hasira za kike zinazopikwa tangu asubuhi, zikifika jioni zimeiva na chumvi imekolea? Nikamwambia, "Baba, chagua. Mimi na mwanao, au mbwa." Tuna mtoto wa mwaka mmoja anayetambaa, anaokota kila kitu anatia mdomoni, na mimi nimeshachoka kupiga deki mara nne kwa siku.

Mume wangu ni Mfipa wa maneno machache. Akakaa kimya kidogo, akasema, "Sawa. Kuna mzee mmoja ana gobore. Jumamosi nitamwita."

Jamani, naomba nikiri mbele yenu. Nilifurahi. Nilijisikia mke anayesikilizwa. Tulipomwambia Mama, yeye alikuwa anachambua maharage, hakuinua hata uso. Akasema, "Kama ndivyo mlivyoamua, sawa. Muueni tu." Akaendelea kuchambua. Nikasema moyoni, kumbe rahisi hivi.

Usiku nikaamka kumnyonyesha mtoto. Nikamsikia Mama sebuleni, gizani, anaongea taratibu kwa Kifipa. Sikielewi vizuri, lakini kilio nakielewa kwa lugha yoyote. Alikuwa amekaa chini, kichwa cha mbwa kipo mapajani.

Nikarudi kitandani, nikamtikisa mwenzangu. "Hebu kabla ya gobore, mwite daktari wa mifugo. Aje aangalie tu."

DAKTARI ALIVYOTUUMBUA

Ijumaa daktari akaja, kijana mmoja mpole na buti zake za mvua. Akamwamkia Mama shikamoo, akachuchumaa, akaanza kuuliza maswali ambayo mimi, mke msomi wa watu, sikuwahi kujiuliza hata moja. Mbwa anajua kwamba anakojoa, au mkojo unatoka wenyewe akiwa amelala? Anakunywa maji kuliko zamani? Anachuchumaa mara nyingi na kutoa matone? Kuna damu, kuna usaha, kuna harufu ya ajabu? Amefungwa kizazi? Lini mara ya mwisho alipata joto? Chanjo ya kichaa cha mbwa alipata mwaka gani?

Majibu mengi alitoa Mama. Hajafungwa kizazi. Mkojo unatoka akiwa amelala. Ila na mchana pia anachuchumaa mara kwa mara, kidogo kidogo.

Daktari akamminya tumbo, akamnyoosha miguu ya nyuma. Waseme akaguna. Akamwita asimame. Masikini, alijaribu mara tatu ndipo akainuka, nyonga zinatetemeka kama meza mbovu.

"Viungo vimechoka," daktari akasema. "Huyu kuinuka tu ni kazi. Ndiyo maana hawahi mlangoni."

Hapo nikaona niongezee mashtaka yangu. Nikamwambia, "Sasa dokta, si angekojoa tu chini? Kwa nini apande kwenye kochi langu?"

Daktari akaliangalia kochi. Akamwangalia mbwa. Akapitisha mkono juu ya kitambaa, akautazama. Hakuna unywele hata mmoja.

"Dada," akasema, "huyu mbwa hawezi kupanda kochi."

Sebule ikawa kimya. Mume wangu akamwangalia mtoto, lakini mtoto ana pampasi saa zote. Mimi nikaanza kuhesabu kichwani waliobaki ndani ya nyumba. Mama akasimama taratibu, akasema anakwenda kuangalia maji jikoni. Maji yenyewe yalikuwa hayajabandikwa.

Daktari, Mungu ambariki, akajifanya hajaona. "Tuendelee na mgonjwa niliyeitiwa," akasema.

JIKONI

Nilimfuata Mama usiku, mume wangu alipokwenda kulala. Alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya jiko la mkaa. Nikavuta kigoda changu. Tukakaa muda mrefu bila kusema.

Mwishowe akasema, "Mwanangu, mbwa hana aibu. Nikaona anibebee."

Basi akanieleza. Lilianza zamani, baada ya kuzaa mtoto wa mwisho, tone moja moja akikohoa au akibeba ndoo. Uzeeni likazidi. Akisikia mkojo, kabla hajafika chooni umeshatoka. Na choo chetu kiko mwisho wa korido yenye giza na baridi. Usiku akishindwa kulala anakaa kwenye kochi, usingizi unamchukua hapo hapo, akiamka kumeshaharibika. Alikuwa anafua kanga zake saa tisa usiku kwa maji ya baridi ili tusijue. Alikuwa ameacha kunywa chai ya mchana. Kwenye jumuiya hakwenda tena, na mimi nilidhani ni msiba tu unamsumbua. Kumbe anaogopa kukaa kwenye viti vya watu.

"Nilipowasikia mnataka kumuua," akasema, "nikajiona mimi ndiye mwenye bunduki."

Shoga, nililia. Nikamwomba radhi, naye akaniomba radhi, tukabaki kuombana radhi kama tuko harusini. Halafu nikamwambia kitu ambacho hata mume wangu nilikuwa sijamwambia. Tangu nijifungue, nikipiga chafya kwa nguvu, na mimi huwa... eeh, hivyo hivyo. Ofisini natembea na nguo ya ndani ya akiba kwenye mkoba.

Mama akaniangalia. Akaanza kucheka, mpaka akajishika mbavu. "Usinichekeshe," akasema, "unajua yatakayotokea." Tukacheka zaidi.

Kwa hiyo nyumba yangu ilikuwa na vikojozi wanne. Mtoto ana pampasi, mbwa alikuwa anasubiri risasi, na wanawake wawili wanajificha. Aliyehukumiwa ni yule asiyeweza kujitetea.

SASA TUONGEE KAZI

Najua wengi wenu siku hizi mnafuga. Wengine mna mbwa wa ulinzi uani, wengine mmerithi kama sisi. Mbwa akizeeka na kuanza kuvuja, watu wanaona suluhisho ni moja tu. Si kweli. Haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza, jua ni mkojo wa aina gani. Anayevuja akiwa amelala, bila kujua, huyo mara nyingi msuli unaofunga mlango wa kibofu umelegea. Hilo huwapata sana majike waliofungwa kizazi, kwa sababu homoni ya kike inayousaidia msuli imepungua. Anayekunywa maji mengi na kukojoa mengi, huyo apimwe kisukari, figo na magonjwa ya homoni. Anayechuchumaa kila mara akitoa matone huenda ana maambukizi au mawe kwenye kibofu. Anayejua anataka kutoka lakini anachelewa, angalia miguu, labda viungo vinauma. Na yupo anayesimama kona anashangaa ukuta, akisahau mlango uko wapi. Huyo ubongo umezeeka, kama wazee wetu wanavyosahau. Dume mzee asiyehasiwa huweza kuvimba tezi dume. Na mbwa mmoja anaweza kuwa na mawili matatu kwa pamoja.

Pili, dalili za kukimbilia daktari leo, sio kesho. Jike ambaye hajafungwa kizazi, wiki chache baada ya joto, akianza kunywa sana maji, kukataa chakula, kutoa usaha au tumbo kuvimba, hilo ni jipu la mfuko wa uzazi na linaua. Mbwa anayejikamua na mkojo hautoki kabisa, hiyo nayo ni dharura. Damu inayodondoka kila siku sehemu za siri yawezekana sio mkojo, bali ni ule uvimbe ambao mbwa wanaambukizana kwa kupandana, nao unatibika kwa sindano. Na mbwa ambaye ghafla amebadilika tabia, anadondosha mate, miguu ya nyuma inalegea, usimshike. Funga mlango, ita wataalamu wa mifugo, maana kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakina tiba, kwa mbwa wala kwa binadamu. Kama ameshakung'ata au mate yake yamegusa kidonda, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Chanjo ya mbwa irudiwe kama daktari anavyopanga, hata awe mzee namna gani.

Tatu, peleka mkojo ukapimwe. Hapa nilipata burudani ya mwaka. Unatakiwa mkojo wa kwanza wa asubuhi, kwenye chombo safi, usiookotwa chini. Mume wangu, afisa mzima na tai yake shingoni, anamnyatia mbwa uani na bakuli, upepo unavuma, majirani wanachungulia. Waseme, kweli! Kesho yake daktari akapiga simu. Sukari hakuna, ila kuna damu kidogo na bakteria. Maambukizi. Akapewa dawa ya kuua bakteria, tukaambiwa tumalize dozi yote hata akionekana amepona. Akapewa na dawa ya maumivu ya viungo, ile ya mbwa hasa.

Nne, usimpe dawa zako. Diklofenaki na ibuprofeni unazomeza wewe mgongo ukiuma zinaweza kumtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo, na panadoli nayo ni sumu ikizidi. Kwa wale wenye msuli uliolegea zipo dawa za aina mbili, moja inaukaza msuli na nyingine ni homoni. Zote zinatolewa na daktari kwa kipimo. Hiyo ya kukaza msuli inaitwa fenilpropanolamini. Zamani ilikuwemo kwenye dawa za mafua za binadamu, mpaka mwaka 2000 mamlaka ya dawa ya Marekani ikataka iondolewe kwa sababu ya hatari ya kiharusi. Kwa hiyo ikiwepo nyumbani ifungiwe kabatini, isichezewe.

Tano, usimnyime maji. Hili kila mtu hulifikiria, na mimi nililifikiria. Mbwa mzee akinyimwa maji figo zinaumia, na mkojo mzito unazidisha maambukizi. Badala yake, mtoe mara nyingi. Akiamka, akimaliza kula, kabla ya kulala, na mara moja usiku kama anazidiwa. Sisi tuligawana. Mume wangu anamtoa saa tano usiku, mimi saa kumi na moja alfajiri kwa kuwa naamka hata hivyo. Akikojoa nje msifie. Akikojoa ndani usimpige, hajui kosa lake ni lipi.

Sita, kitanda. Fundi seremala alitutengenezea fremu fupi ya mbao, tukaisuka kamba kama kitanda cha mwambao, kimo cha shubiri moja ili apande bila shida. Juu yake gunia lililokatwa na kanga kuukuu mbili tatu, chini yake kipande cha turubai. Mkojo unapita, mbwa anabaki mkavu, asubuhi unafua kanga na kufuta turubai. Kama sakafu yako ni ya marumaru, tandika mkeka au zulia la zamani kutoka kitandani mpaka mlangoni. Miguu ikiteleza mzee anakata tamaa ya kuinuka. Na taa ya korido iachwe inawaka. (Hiyo taa, nitakuja kuisema, ilisaidia zaidi ya mbwa.)

Saba, ngozi. Mkojo unachoma. Kila asubuhi muoshe sehemu za nyuma kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo kali, mkaushe vizuri, halafu umpake mafuta ya mgando kidogo. Manyoya marefu ya hapo yapunguze. Ukiona wekundu, vidonda au funza, mpigie daktari.

Nane, pampasi. Ndiyo, za mtoto zinafaa, unatoboa tundu la mkia. Dume anafungwa kitambaa tumboni chenye pedi. Ila zisikae muda mrefu, na usiku wote asiachwe nazo mbichi. Waseme alikubali siku mbili, ya tatu akaila. Tukaachana nazo.

Tisa, harufu. Kausha kwanza kwa kitambaa, kisha osha kwa maji na sabuni, halafu pitisha siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Jaribu kwanza pembeni kama kitambaa hakichuji, na marumaru za mawe usizitie siki. Usitumie sabuni zenye amonia, kwa mbwa harufu yake inafanana na mkojo na atarudi pale pale. Na usimwage dawa ya klorini ya kung'arishia nguo juu ya mkojo mbichi, unatoka mvuke unaochoma kifua. Kochi langu limepona kwa siki. Siku moja tu wageni waliuliza kama tumepika achari.

NA SISI WANAWAKE JE?

Mama nilimpeleka hospitali. Alisumbua kukubali, akasema atamweleza nini daktari mwanaume. Tukamtafuta mwanamke. Akapimwa mkojo, akapimwa sukari, akakaguliwa. Akaambiwa ni misuli ya chini iliyochoka kwa uzazi na umri, akaambiwa pia kwamba ni tatizo la wanawake wengi mno na sio adhabu ya mtu. Akafundishwa zoezi. Unakaza misuli kama unayezuia mkojo na ushuzi kwa pamoja, unahesabu mpaka tano, unaachia, unapumzika, mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Ukizoea unahesabu mpaka kumi. Matokeo yanahitaji kama miezi mitatu, sio wiki moja. Kwenda chooni kwa saa bila kusubiri kubanwa. Chai ya usiku ipungue, lakini maji ya mchana yasiachwe.

Zoezi tunafanya wote wawili, kila mmoja kwenye kigoda chake, huku tunachambua mchele. Hakuna anayejua tunachofanya isipokuwa sisi. Na sasa wewe.

Ila dada, kama wewe unavuja muda wote, usiku na mchana, hasa baada ya uchungu wa muda mrefu, hiyo yaweza kuwa fistula na zoezi halitaiponya. Ni tundu, linazibwa kwa upasuaji. Hospitali ya CCBRT Dar es Salaam imewatibu wanawake wengi wa namna hiyo bila malipo. Nenda hospitali ya karibu uulize, usijifungie ndani.

Mume wangu nilimwambia mwenyewe, kuhusu mimi. Kuhusu Mama, nilimwachia Mama. Alimwita siku moja uani, wakaongea wawili. Kijana wangu aliporudi ndani macho mekundu, akachukua ufunguo wa pikipiki, akaenda kununua balbu. Korido yetu sasa inawaka usiku kucha. Kochi likatandikwa turubai chini ya kitambaa, bila maneno, kama vile ni mapambo. Na mzee wa gobore hakuitwa.

Nilipowaambia mashosti wangu wa Tanga kwamba naolewa Sumbawanga walinitania sana, si mnajua watu wanavyousemea mji huu, mara ungo, mara radi. Wenyeji watakwambia jina lenyewe maana yake ni kutupa uchawi. Miaka mitatu hapa sijaona ungo hata mmoja. Nilichokiona ni mwanamke mzima anafua kanga saa tisa usiku kwenye baridi ya Julai ili mkwewe asimdharau, na mkwe mwenyewe ni mimi.

Waseme bado yupo. Maambukizi yaliisha, mchana hachuchumai tena ovyo, usiku bado anavuja kidogo na kanga zipo. Jua likitoka analala barazani karibu na miguu ya Mama. Tumeshakubaliana na daktari kuhusu siku ile nyingine. Akishindwa kusimama, akikataa chakula, siku mbaya zikizidi nzuri, atachomwa sindano ya usingizi, taratibu, Mama akiwa amemshika kichwa. Sio sumu kwenye nyama, sio risasi. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama, lakini sisi hatukuhitaji sheria kufika hapo.

Mama amerudi jumuiya. Wiki iliyopita walikutana kwetu, akakaa kwenye kochi, katikati kabisa. Nilimwuliza kama naweza kuandika habari hii. Akafikiri, akasema, "Andika, wapo wengi. Ila jina langu usiweke. La mbwa weka."

Basi nimeweka. Ukirudi nyumbani leo na kukuta kitu kimelowa, kabla hujapiga kelele kama nilivyopiga mimi, washa taa ya korido kwanza. Mwezi ujao ni ile bajeti, naahidi, na king'amuzi kimo. Busu zenu!